Merikebu kubwa za tanga: kwa nini hupinduka, na hesabu huvunjikia wapi

FarumiNzito:

Wakuu, kila merikebu ya tanga inapopinduka maelezo huwa yaleyale: upepo ulikuwa mkali, dharuba ilikuja ghafla. Lakini upepo mkali ndio kazi ya kila siku ya merikebu. Swali langu ni kwa nini merikebu mbili zikipigwa na dharuba moja, moja hulala ikainuka na nyingine hulala moja kwa moja. Nadhani watu wengi, hata mabaharia, wanaangalia namba isiyo yenyewe.

Kwanza msingi, tuwe na lugha moja. Uzito wote wa chombo hushuka kupitia kitovu cha uzito, tuite G. Nguvu ya maji inayokiinua chombo hupanda kupitia katikati ya sehemu iliyozama, tuite B. Chombo kikilala, umbo lililozama hubadilika, kwa hiyo B huhamia upande uliolala. Mstari wa wima kutoka B mpya hukata mstari wa katikati wa chombo mahali tunapopaita metasenta, M. Umbali wa G hadi M ndio GM. M ikiwa juu ya G, chombo hujirudi. Ikiwa chini ya G, hakisimami.

GM ndiyo namba ambayo kila mtu anaijua, na ndiyo ninayoilalamikia. Inasema kweli kwa digrii 10 za mwanzo tu. Zaidi ya hapo unahitaji kujua wenzo wa kurejesha, yaani umbali wa mlalo kati ya nguvu inayoshuka kupitia G na ile inayopanda kupitia B, kwa kila pembe: digrii 10, 20, 30, mpaka 90. Ukichora unapata mkunjo unaopanda, unafika kileleni, halafu unashuka hadi sifuri. Maisha ya mabaharia yako kwenye mkunjo huo, na kwenye pembe ambayo maji yataanza kuingia ndani.

Mfano mzuri kuliko wote ni HMS Captain, manowari ya Uingereza iliyokuwa na milingoti kamili ya tanga na mizinga ya kuzunguka. Ilijengwa nzito kuliko mchoro. Ubavu wake ulipangwa uwe mita 2.4 juu ya maji, ukatoka kama mita 2 tu. Kwenye pembe ndogo ilikuwa imara kabisa, na waliopanda waliisifu kwa kutulia. Lakini mkunjo wake ulifika kileleni kwenye digrii 21 na kuisha kwenye digrii 54 hivi. HMS Monarch, iliyokuwa nayo katika msafara uleule, ilikuwa na kilele kwenye digrii 40 na mkunjo wake ulifika karibu 70. Usiku wa kuamkia Septemba 7, 1870, karibu na Cape Finisterre, Hispania, Captain ilipinduka na kuua watu karibu 480. Monarch ilipita usiku uleule.

Tofauti ilikuwa urefu wa ubavu. Ukingo wa sitaha ukishazama, chombo hakina tena umbo la kuongeza pembeni, B inaacha kuhama, na wenzo unaanza kufa.

Omo_na_Tezi:

Uzi mzuri mkuu. Tuweke na namba za upepo, maana hapo ndipo watu hudanganywa na hisia. Chukua merikebu ya kukadiria: uzito tani 400, matanga mita za mraba 700, katikati ya matanga iko mita 14 juu ya katikati ya ukinzani wa maji, GM mita 0.75.

Upepo wa mita 10 kwa sekunde kutoka ubavuni unasukuma matanga hayo kwa nguvu ya kama kilonyutoni 51. Zidisha kwa mita 14, gawanya kwa uzito wa chombo, unapata wenzo wa kulaza wa mita 0.18. Merikebu italala digrii 14 hivi. Safari tamu, chai haimwagiki.

Sasa upepo upande hadi mita 14 kwa sekunde. Haujaongezeka hata nusu, lakini nguvu ya upepo hufuata mraba wa mwendo wake. 1.4 mara 1.4 ni karibu 2. Wenzo wa kulaza umekuwa mita 0.36 na merikebu imelala kama digrii 25. Upepo ukifika mita 20 kwa sekunde, nguvu ni mara nne: mita 0.73 kama chombo kingekuwa wima. Kulala kunapunguza kidogo, kwa sababu matanga yanauonesha upepo sura ndogo. Kwenye digrii 40 inabaki kama mita 0.5. Ikiwa kilele cha mkunjo wako ni mita 0.5 kwenye digrii hizohizo 40, umekwisha. Mkunjo hauna cha kuongeza.

Kutoka chai kwenye meza hadi kupinduka, upepo umeongezeka mara mbili tu. Dharuba za mawingu ya radi hufanya hivyo kwa dakika moja au mbili.

mgeni_wa_bahari:

Samahani wakuu, swali la asiyejua. Si waongeze farumi tu, ule uzito wa kutuliza chombo, chini mpaka itulie?

FarumiNzito:

Ndivyo walivyofikiri na Vasa, manowari ya Sweden, ndugu. Agosti 10, 1628, Stockholm, safari ya kwanza kabisa, ilienda kama mita 1,300 na upepo mdogo ukaizamisha. Ilikuwa na farumi ya mawe kama tani 120, na juu safu mbili za mizinga, jumla 64. Kabla ya kuondoka walijaribu kwa kuwafanya mabaharia 30 wakimbie sitahani kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Baada ya mizunguko mitatu jaribio likasimamishwa kwa sababu merikebu ilikuwa inayumba kupita kiasi. Wakasafiri hivyohivyo.

Kuongeza farumi kungeshusha G, sawa. Lakini kungezamisha merikebu zaidi, na matundu ya mizinga ya safu ya chini yangekaribia maji. Unanunua uimara kwenye pembe ndogo na kuuza pembe ya kuingiza maji. Tatizo la Vasa lilikuwa umbo: uzito mwingi wa mbao na mizinga juu, na sehemu iliyozama haikuwa na upana wa kutosha kuubeba. Upana ndio unaopandisha M, na hupandisha kwa mchemraba. Ongeza upana wa mstari wa maji kwa asilimia 10, na kile kinachoinua M kinaongezeka kwa zaidi ya asilimia 30.

Tena, farumi isiyofungwa ni adui. Mawe na vyuma vilivyolala tu ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya chombo) vitahamia upande wa chini siku merikebu ikilala digrii 50, na hapo hairudi hata mkunjo ukiwa mzuri. Farumi ya ndani inatakiwa ipangwe, ifungwe kwa mihimili na mbao za kukandamiza juu, isitikisike hata chombo kikilala ubavu kabisa.

Serahangi:

Naongeza la upande wa pili, maana vijana wakisikia GM ni nzuri wanataka nyingi. GM kubwa kupita kiasi inafanya chombo kijirudi kwa kishindo. Milingoti inachapwa, kamba za kuishikilia zinakatika, watu wanarushwa kutoka kwenye foromali (miti inayobeba matanga). Na ukipoteza milingoti hujapona. Uzito wa milingoti juu unafanya chombo kiwe kizito kuanza kuyumba, hivyo wimbi linalovunjika ubavuni linapata shida kukigeuza. Bila milingoti chombo huyumba haraka na wimbi hukipindua kwa urahisi zaidi.

DiraNaRamani:

Kwa wanaotaka kupima wenyewe, kuna njia mbili.

Ya haraka ni kupima muda wa kuyumba. Maji yatulie, kamba za gati zilegezwe zote, matangi ama yajae ama yawe tupu, kitu chochote kinachoning'inia kifungwe. Watu wayumbishe chombo digrii chache tu, kisha wakae katikati wasisogee. Hesabu mizunguko 10 kamili, ubavu hadi ubavu na kurudi, gawanya kwa 10. Zidisha upana wa chombo kwa 0.8, gawanya kwa muda huo, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Upana mita 8 na muda sekunde 7: 6.4 kugawanya kwa 7 ni 0.91, mraba wake ni GM ya mita 0.84 hivi. Muda ukifika sekunde 8, GM imeshuka hadi 0.64. Hiyo 0.8 ni ya kukadiria na hubadilika kwa umbo na uzito wa milingoti, kwa hiyo usiitumie kuthibitisha chochote. Itumie kulinganisha chombo na chenyewe: mwaka jana sekunde 7, mwaka huu 8, kuna uzito umepanda juu, utafute.

Ya kweli ni kuinamisha kwa uzito unaojulikana. Sogeza tani 2 umbali wa mita 6 kuvuka sitaha. Ning'iniza timazi (uzi wenye uzito nchani) ya mita 4 ndani ya falka (chumba cha shehena), ncha yake iwe kwenye ndoo ya mafuta isicheze. Timazi ikisogea milimita 160, mteremko ni 0.04. GM ni 2 mara 6, gawanya kwa uzito wa chombo tani 400, gawanya tena kwa 0.04: mita 0.75. Tumia timazi mbili au tatu na usogeze uzito pande zote mbili. Zikipishana, kuna kamba imekaza, au maji kwenye ngama, au mtu anatembea.

Kosa la kawaida ni kupima mara moja chombo kikiwa kipya na kuamini karatasi hiyo miaka 20. Jenereta mpya, jokofu, rangi tabaka juu ya tabaka, boti ya kuokolea nzito zaidi. Meli za abiria hutakiwa kukaguliwa uzito mtupu kila baada ya miaka isiyozidi 5, na ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 2 chombo kinapimwa upya. Merikebu za tanga zinahitaji jambo hilo kuliko hata meli za injini.

Omo_na_Tezi:

Na watu nao ni uzito. Wanafunzi 30 wenye kilo 75 kila mmoja wakipanda kwenye foromali, wastani mita 15 juu ya sitaha, G ya merikebu yetu ya tani 400 inapanda sentimita 8. Si ya kuua, lakini ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya GM yote, na huwa wanapandishwa wakati uleule upepo unapokaza.

Tangi la maji ni baya zaidi. Tangi la urefu wa mita 5 na upana wa mita 6, likiwa nusu, linakula sentimita 22 za GM, kwa sababu maji hukimbilia upande uliolala. Weka ukuta mmoja katikati, hasara inashuka hadi chini ya sentimita 6. Ndiyo maana utumie tangi moja hadi liishe ndipo ufungue jingine, usiache matangi matano yote nusunusu.

kaskazi_kusi:

Yote hayo sawa, lakini mmeshasema "pembe ya kuingiza maji" na hakuna aliyeieleza. Kwangu hiyo ndiyo habari yote.

Chukua tundu lolote ambalo maji yanaweza kupita: mlango wa chumba cha sitahani, mlango wa falka, dirisha, bomba la hewa la injini. Pima kimo chake juu ya mstari wa maji na umbali wake kutoka katikati ya chombo. Mlango ulio mita 2.2 juu ya maji na mita 3 kutoka katikati utagusa maji kwenye digrii 36 hivi. Tundu lenye kimo hichohicho lakini nusu mita tu kutoka katikati litagusa maji kwenye digrii 77. Ni hesabu ya penseli, haina usahihi wa kompyuta, lakini inakuonesha mlango upi utakuua.

Sasa soma orodha. HMS Eurydice, Machi 24, 1878, karibu na Isle of Wight: dharuba ya theluji, matundu ya mizinga wazi, wakapona wawili kati ya zaidi ya 300. Niobe ya Ujerumani, Julai 26, 1932, Bahari ya Baltiki: mchana wa joto, falka na madirisha wazi, 69 wakafa. Marques, Juni 3, 1984, kaskazini ya Bermuda: mlango mkubwa wa falka, ikazama kwa chini ya dakika moja, wakafa 19 kati ya 28. Concordia, merikebu ya shule ya Kanada, Februari 17, 2010, nje ya pwani ya Brazili: milango wazi. Hiyo walipona wote 64, baada ya karibu siku mbili kwenye maboya ya kuokolea.

Merikebu yenye milango iliyofungwa ikilazwa ubavu inaweza kubaki imelala dakika kadhaa, ikasubiri upepo upungue, ikainuka. Yenye milango wazi haina dakika hizo.

Serahangi:

Baada ya Niobe Wajerumani walijenga Gorch Fock ya 1933 na kuiwekea tani 300 za chuma chini, iweze kujirudi hata ikilala karibu digrii 90. Hapo mafundi walielewa somo. Ila hata digrii 90 hizo hazina maana kama kuna mtu ameegesha mlango kwa kiti ili apate hewa.

mgeni_wa_bahari:

Je, Pamir, ile merikebu ya shehena ya Ujerumani? Ile ilikuwa kubwa na imara, na ilikuwa tufani kweli.

DiraNaRamani:

Tufani kweli, Carrie, Septemba 21, 1957, Atlantiki. Watu 86, wakapona 6. Lakini angalia shehena: shayiri karibu tani 3,800, sehemu kubwa imemwagwa ndani bila magunia, na magunia machache juu ya kukandamiza. Tangi la maji ya farumi nalo likajazwa shayiri. Nafaka huru ni kama maji mazito. Ikilala kupita pembe yake ya kuporomoka inahamia chini na hairudi. Chombo kinabaki kimelala hata upepo ukitulia, na kila wimbi linaanzia hapo. Wiki chache baadaye ndugu yake, Passat, naye akiwa na shayiri, shehena ilihama akajikokota hadi Lisbon akiwa ameinama.

Dawa yake ni ya zamani: kuta za mbao za muda kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) katikati ya falka, nafaka ijazwe hadi juu kabisa bila nafasi, na irudiwe kujazwa baada ya kushuka kwa mtikisiko.

jahazi_la_pwani:

Na vyombo vya tanga la pembetatu? Hapa mnazungumzia foromali za msalaba tu.

FarumiNzito:

Jahazi lina faida moja ambayo merikebu ya foromali za msalaba haina kwa kiasi hicho: ukilegeza henza (kamba ya kupandishia tanga) na kutua tanga, foromali nzima inashuka nalo. Umeondoa upepo na umeshusha G kwa tendo moja. Udhaifu wake ni kwamba katikati mara nyingi hakuna sitaha. Pembe ya kuingiza maji ni ukingo wenyewe wa ubavu, hakuna mlango wa kufunga. Hatari ya pili ni upepo kushika tanga kwa nyuma likaganda kwenye mlingoti. Hapo henza haishuki.

Omo_na_Tezi:

Hilo la kuganda lipo kwenye merikebu pia, na linanifikisha kwenye ugomvi. Dharuba ikija, omo uielekeze kwenye upepo. Matanga yanapepea, nguvu inaondoka.

Serahangi:

Nakataa, angalau isiwe amri ya jumla. Kwenye merikebu ya foromali za msalaba ukielekeza omo kwenye upepo bila mpango, upepo unashika matanga kwa mbele, yanabandikwa kwenye milingoti, na kamba za kushikilia milingoti hazikupangwa kupokea nguvu kutoka mbele. Kama upepo ulikuwa tayari nyuma ya ubavu, geuka uukimbie. Mwendo wa chombo unapunguza upepo unaohisiwa na foromali unazigeuza taratibu.

Omo_na_Tezi:

Na kama upepo ulikuwa mbele ya ubavu? Ukigeuka kuukimbia lazima upite pembe ya ubavuni, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, tena chombo kimeshalala.

Serahangi:

Hapo tunakubaliana: mbele ya ubavu, sogea kidogo kwenye upepo, matanga yaanze kupepea bila kubandikwa. Lakini usukani una muda mfupi wa kufanya kazi. Chombo kikilala sana, sehemu iliyozama inakuwa na umbo la upande mmoja na omo inavutwa kwenye upepo yenyewe, na usukani umeinuka nusu nje ya maji. Uamuzi wa usukani ni wa digrii 15, si wa digrii 40.

Ndivyo ilivyo na kamba pia. Foromali za juu hushuka kwa uzito wake ukiachia henza. Chombo kikilala sana, foromali inabanwa kwenye mlingoti na haishuki hata ukiikata henza. Kwa hiyo matanga ya juu kabisa hukunjwa kabla ya dharuba, kuanzia juu kwenda chini. Hayo ndiyo yenye wenzo mrefu.

kaskazi_kusi:

Kwa Concordia wachunguzi wa Kanada walikuta jambo hilihili. Nahodha alidai upepo ulishuka kutoka juu. Uchunguzi haukupata ushahidi wa mkondo wa namna hiyo. Ulikadiria dharuba ya kawaida, na ukaona aliyekuwa zamu hakupunguza tanga wala kubadili mwelekeo kwa wakati. Chombo kilikuwa na jedwali la dharuba, ila halikutumika.

mgeni_wa_bahari:

Jedwali la dharuba ni nini?

DiraNaRamani:

Ni mchoro uliotengenezwa baada ya utafiti uliofuata ajali ya Marques. Unasoma vitu viwili: upepo wa sasa na pembe ambayo chombo kimelala sasa. Mchoro unakwambia dharuba ya mwendo gani itafikisha maji kwenye mlango wa kwanza, kwa matanga yaliyopo.

Msingi wake ni rahisi. Tafuta wenzo wa kurejesha kwenye pembe ya kuingiza maji. Wenzo huo ndio mpigo wa upepo unaokufikisha pale. Gawa kwa mbili, kwa kuwa mpigo wa kawaida una mwendo mara 1.4 ya wastani, yaani nguvu mara mbili. Pale mstari huo wa nusu unapokata mkunjo wako ndipo pembe ya juu ya kusafiria. Kanuni za Uingereza zilizotokana na utafiti huo zinataka pembe hiyo izidi digrii 15 na mkunjo ufike digrii 90 au zaidi. Kama yako ni digrii 22 na chombo kimelala 22 kwa upepo wa kawaida tu, huna akiba hata kidogo ya dharuba.

mgeni_wa_bahari:

Usiku je, wingu halionekani?

kaskazi_kusi:

Usiku punguza matanga kabla jua halijazama, usisubiri uone. Rada iwe kwenye masafa mafupi, mvua ikionekana maili 6 una dakika chache. Kipimapembe kiwe na taa mbele ya mshika usukani, na kiwe na mstari mwekundu kwenye pembe yenu ya kusafiria. Mtu mmoja akae na demani, kamba ya kubana na kulegeza tanga, mkononi, imezungushwa mara moja tu bila fundo. Milango yote ya upande wa demani (unaolala, upepo unakoelekea) ifungwe na komeo, ile ya upande wa joshi (upepo unakotoka) ndiyo itumike kupita, na atakayepita aifunge nyuma yake. Mkibadilisha upande wa tanga, milango nayo inabadilishana, na hapo ndipo husahauliwa. Mpe mtu mmoja kwa jina kazi hiyo kila zamu.